Muhuri wa Kiendelezi: Kivinjari Kinapokizima, Tufanye Nini?

Matini ya mazungumzo na watumiaji wa huduma za mawasiliano, Bumbuli, Wilaya ya Lushoto

  Jambo tulilokuja nalo ni dogo kwa umbo, lakini linagusa vitu vikubwa: namba ya kitambulisho cha taifa, nywila ya benki, na maombi ya mkopo wa mwanafunzi anayetarajia kwenda chuo kikuu.

Tunazungumzia viendelezi vya vivinjari, sahihi ya kidijitali vinayotakiwa kuwa nayo, na lipi la kufanya siku kivinjari kitakapokizima kimojawapo bila kuuliza. Neno letu kuu ni hili: kivinjari kinapozima kiendelezi, kina sababu. Ijue sababu kwanza, ndipo uguse kitu.

Kiendelezi ni nini

Kivinjari ni programu tunayofungulia tovuti, kama vile Chrome, Firefox au Edge. Kiendelezi ni programu ndogo inayoongezwa ndani ya kivinjari ili kukipa uwezo ambao hakikuwa nao. Kipo kinachozuia matangazo, kipo kinachotunza nywila, kipo kinachotafsiri kurasa, na kipo kinachosahihisha tahajia. Faida yake si ya kubezwa. Kwa mtu anayenunua bando la siku, tangazo la video ambalo halikupakuliwa ni fedha iliyobaki mfukoni.

Lakini tutazame gharama yake. Ili kiendelezi kizuie tangazo au kitafsiri ukurasa, ni lazima kiruhusiwe kuusoma ukurasa huo, na mara nyingi kuubadilisha. Ndiyo maana wakati wa kukiweka huulizwa kama unakubali kisome na kubadilisha data yako katika tovuti zote. Wengi wetu hubofya kukubali bila kusoma. Kiendelezi chenye ruhusa hiyo, mtengenezaji wake akiwa na nia mbaya, kinaweza kuona unachoandika katika fomu, yaani jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho na nywila.

Fikirini sasa kompyuta ya duka la steshenari, hapa au kule Soni, wakati wa msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Mteja huketi, hujaza, huondoka, mwingine huketi. Kiendelezi kimoja kibaya katika kompyuta hiyo hakimwibii mtu mmoja tu. Kinakaa mlangoni na kumsubiri kila anayeingia.

Sahihi ni muhuri

Sote tunaifahamu barua ya mtendaji. Ukienda kufungua akaunti au kutambulishwa ofisini, utaulizwa barua hiyo, na jicho la kwanza la mpokeaji litaangalia muhuri. Muhuri humwambia mambo mawili: barua imetoka katika ofisi gani, na kwamba aliyeileta hakuiandika mwenyewe nyumbani.

Sahihi ya kidijitali hufanya kazi hiyohiyo kwa uhakika mkubwa zaidi. Mtengenezaji wa kiendelezi cha Firefox hupeleka kazi yake Mozilla, taasisi inayotengeneza kivinjari hicho. Hukaguliwa na mitambo, na mara nyingine na watu. Kikikubalika, kila faili iliyomo huchukuliwa kitu tunachoweza kukiita alama ya kidole, yaani mfululizo wa tarakimu na herufi unaokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya faili. Ukibadilisha hata nukta moja, alama nzima hubadilika. Orodha ya alama hizo hutiwa sahihi kwa ufunguo wa siri ambao mwenye ofisi peke yake anao. Kivinjari chako kina ufunguo wa kuhakikia. Kikipokea kiendelezi, hupima alama upya na kuilinganisha na sahihi. Zikiafikiana, hukiruhusu, zikitofautiana, hukikataa.

Sharti hili halikuwapo siku zote. Zamani viendelezi vilijipenyeza kwenye kompyuta vikiwa vimefungashwa pamoja na programu nyingine, vikabadilisha ukurasa wa kwanza wa kivinjari na kupachika matangazo ambayo mwenye kompyuta hakuyataka. Google ilianza mwezi Mei 2014 kuzima, katika Chrome ya kompyuta za Windows, viendelezi visivyotoka katika duka lake rasmi. Kwa upande wa Firefox, toleo la 40 la Agosti 2015 lilianza kuonya. Toleo la 43 la Desemba mwaka huohuo likaanza kuzima visivyo na sahihi. Na toleo la 48 la Agosti 2016 likamwondolea mtumiaji wa kawaida njia ya kulikwepa sharti hilo. Walibakiziwa nafasi hiyo watumiaji wa matoleo maalumu, wakiwamo wasanidi wanaojaribu kazi zao wenyewe.

Sababu nne za kiendelezi kuzimwa

Sababu ya kwanza ni kwamba hakina sahihi, au sahihi yake haiafikiani na yaliyomo. Katika Firefox utaona maelezo kwamba kiendelezi hakikuweza kuthibitishwa na kwa hiyo kimezimwa. Kama ulikipata kwa rafiki kupitia kidude cha kuhifadhia faili, au kwenye tovuti isiyo rasmi, ni barua isiyo na muhuri. Iache.

Sababu ya pili ni muda wa cheti kwisha. Hapa tunaomba tusikilizwe kwa makini, maana ndipo wengi hukosea. Wafanyabiashara wa mboga na wakulima wa chai wanajua kwamba mizani hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kupigwa chapa kila mwaka. Chapa ikipitwa na muda, mizani huenda bado ni sahihi kabisa, lakini haipaswi kutumika mpaka ihakikiwe tena. Vyeti vinavyotegemeza sahihi za kidijitali navyo vina tarehe ya mwisho. Sahihi ya kiendelezi hutegemea cheti, cheti hicho hutegemea kingine kilicho juu yake, hadi kufikia cheti mama kilichomo ndani ya kivinjari chenyewe. Kiungo kimoja kikikatika, mnyororo wote huanguka.

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Mei 2019 jambo hilo lilitokea ulimwenguni kote. Cheti kimoja cha kati cha Mozilla kilikwisha muda, na viendelezi vya watumiaji wa Firefox vikaanza kuzimika kimoja baada ya kingine, vizuri na vibaya kwa pamoja. Havikuwa na kosa lolote. Mozilla ilituma tiba ya dharura, na tarehe 5 Mei ikatoa toleo la 66.0.4. Wengi wa waliosubiri walivipata viendelezi vyao tena. Lakini waliovifuta wakidhani vimeharibika walijiweka katika hatari ya kupoteza mipangilio na kumbukumbu zilizokuwamo, na Mozilla yenyewe iliwaonya watu wasivifute. Kwa kawaida kuzimwa hakufuti kitu, kufuta hufuta.

Tarehe 14 Machi 2025 ilikuwa zamu ya cheti mama. Safari hii onyo lilitolewa mapema: kila mwenye Firefox ahamie toleo la 128 au la baadaye, na wenye toleo la msaada wa muda mrefu la 115 wahakikishe limefika 115.13 au zaidi. Jambo hili linatuhusu sana sisi wenye kompyuta za zamani. Firefox 115 ndilo toleo la mwisho linalokubali Windows 7, na Chrome iliishia toleo la 109 kwa mfumo huohuo. Kompyuta ya Windows 7 yenye Firefox ambayo haijasasishwa kwa miaka kadhaa itaviona viendelezi vyema kuwa havina uthibitisho, na tatizo litakuwa ni kivinjari.

Sababu ya tatu ni mabadiliko ya kanuni au ya ruhusa. Google ilibadilisha kanuni za ujenzi wa viendelezi, na kati ya mwaka 2024 na 2025 Chrome ikavizima vilivyobaki katika kanuni za zamani. Miongoni mwavyo ni kizuia matangazo mashuhuri, uBlock Origin, ambacho kwa kanuni mpya kina ndugu yake mwepesi aitwaye uBlock Origin Lite. Hapa hakuna wa kulaumiwa kwa wizi. Kilichobadilika ni masharti ya nyumba. Aidha, kiendelezi kikisasishwa na kutaka ruhusa zaidi ya zile ulizokipa mwanzo, Chrome hukizima mpaka utakapokubali upya. Hiyo ni nafasi yako ya kujiuliza kwa nini kizuia matangazo leo kitake kujua mambo ambayo jana hakuyahitaji.

Sababu ya nne ndiyo mbaya kuliko zote: kiendelezi kimegunduliwa kuwa na madhara, na wenye duka wamekiondoa na kukizima popote kilipo. Ukiona maelezo ya namna hiyo, usitafute njia ya kukirejesha.

Hatua za kufuata

Tunapendekeza hatua hizi, na zifuatwe kwa mpangilio wake.

1. Usifute chochote kwanza. Soma maelezo yaliyoandikwa kando ya kiendelezi. Katika Firefox andika about:addons kwenye kisanduku cha anwani. Katika Chrome andika chrome://extensions. Utaona orodha ya viendelezi vyote, vinavyofanya kazi na vilivyozimwa.

2. Angalia tarehe na saa ya kompyuta. Kompyuta nyingi za zamani zina betri ndogo ya ndani iliyokufa, na umeme ukikatika saa hurudi nyuma miaka mingi. Kivinjari kikidhani tuko mwaka 2010, huweza kuviona vyeti halali kuwa bado havijaanza kutumika, na hata tovuti salama zikakataliwa. Rekebisha saa, funga kivinjari, kifungue tena. Betri hiyo haina bei kubwa. Fundi anaweza kuibadilisha. Kuna waliorudisha saa nyuma kwa makusudi mwaka 2019 ili kukidanganya kivinjari. Hatushauri hivyo, maana saa ya uongo huvuruga ukaguzi wa vyeti vya tovuti zote, zikiwamo za benki.

3. Angalia toleo la kivinjari. Katika Firefox andika about:support. Katika Chrome andika chrome://settings/help. Likiwa la zamani, lisasishe. Tunajua sasisho hula bando, kwa kuwa ni makumi ya megabaiti, lakini ndiyo dawa ya matatizo mengi ya aina hii, tena hufunga na mianya mingine ya usalama. Pakua kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, wala si kutoka kwenye kiungo ulichotumiwa na mtu usiyemjua.

4. Washa upya kivinjari, kisha tafuta toleo jipya la kiendelezi katika duka rasmi. Kama kipo, kisasishe. Kama mtengenezaji amekiacha, tafuta mbadala wake hapohapo dukani.

5. Ikiwa kiendelezi hakina sahihi kabisa au kimetajwa kuwa na madhara, sasa ndipo ukifute. Kisha badilisha nywila zako muhimu, ukianza na ya barua pepe, kwa kutumia kifaa kingine unachokiamini.

Kuna hatua moja ambayo haimo katika orodha hii, nayo ni kumkubali mtu akuwashie hali ya msanidi katika Chrome ili apachike kiendelezi kutoka kwenye folda. Hali hiyo iliwekwa kwa ajili ya mafundi wanaojenga na kujaribu kazi zao. Mtu akikupigia simu, au akikuandikia kwamba atakupatia njia ya kutazama mpira bure mradi tu uwashe hali hiyo, anakuomba uuvunje muhuri kwa mkono wako mwenyewe.

Sahihi si cheti cha tabia njema

Huenda mtu akauliza: je, nikikuta kiendelezi chenye sahihi, dukani rasmi, nilale usingizi? Jibu letu ni hapana. Muhuri wa mtendaji unathibitisha kwamba barua ni yake. Hauthibitishi kwamba mbeba barua atalipa deni. Sahihi nayo inathibitisha asili na ukamilifu, haithibitishi nia.

Mifano ipo. The Great Suspender kilikuwa kiendelezi cha Chrome kilichosaidia kompyuta zenye kumbukumbu ndogo, na watumiaji wake walikadiriwa kuwa milioni 2. Mwaka 2020 mwenye nacho alikiuza. Mwezi Februari 2021 Google ilikiondoa dukani na kukizima kwa sababu ya msimbo wenye madhara. Watumiaji hawakuwa wamebadilisha kitu. Aliyebadilika ni mwenye nyumba. Mfano wa pili ni wa Desemba 2024. Mfanyakazi wa kampuni ya usalama wa data, Cyberhaven, alidanganywa kwa barua pepe iliyojifanya kutoka duka la viendelezi la Chrome. Wahalifu wakapata nafasi ya kupandisha toleo lao ovu la kiendelezi cha kampuni hiyo, nalo likapita dukani kwa njia rasmi na kuwafikia wateja siku ya Krismasi. Ikiwa wataalamu wa usalama walinaswa kwa barua pepe moja, sisi wengine tusione aibu kuwa waangalifu.

Kwa hiyo tunashauri uchache. Kila kiendelezi ni ufunguo wa ziada wa nyumba yako uliomkabidhi mtu mwingine. Ukiwa na kumi, una watu kumi wa kuwaamini, pamoja na kila mtu watakayemuuzia. Baki na vile unavyovitumia kweli, na mara moja kila baada ya miezi michache ipitie orodha na kuondoa vilivyosahauliwa.

Wenye simu

Wengi wetu tunaingia mtandaoni kwa simu. Chrome ya simu za Android haipokei viendelezi. Firefox ya simu huvipokea. Lakini kanuni ya muhuri ipo ndani ya simu yenyewe. Kila programu ya Android ni lazima iwe na sahihi, na simu hukataa sasisho lililotiwa sahihi na mtu tofauti na yule wa mwanzo. Ndiyo maana anayekuletea toleo la WhatsApp lililoongezwa mapambo hukuambia kwanza uifute ile halisi. Anataka muhuri wa zamani uondoke, kwa kuwa wake hauwezi kukaa juu yake. Ukisikia maneno hayo, simama.

Wenye maduka ya steshenari, na haki za mteja

Tunawaomba kwa heshima wenye kompyuta za kukodisha. Wateja wanawaachia taarifa zao kwa kuwa hawana njia nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na mtu anayekusanya au kuchakata taarifa za wengine ana wajibu chini yake. Hakikisheni vivinjari vimesasishwa, viendelezi visivyo vya lazima vimeondolewa, kivinjari hakihifadhi nywila za wateja, na kila mteja anatoka katika akaunti yake kabla ya kuinuka. Mnaweza kumfungulia kila mteja dirisha la faragha, ambamo viendelezi kwa kawaida havifanyi kazi mpaka mwenye kompyuta aviruhusu, na ambalo husahau kilichoandikwa likifungwa.

Nawe mteja, una haki ya kuuliza. Kabla ya kuandika nywila, mwombe mwenye duka kwa upole akuoneshe orodha ya viendelezi. Mfanyabiashara mwaminifu hatachukia, kama ambavyo muuza viazi mwaminifu hachukii ukiomba kuiona chapa ya mizani yake.

Ukigundua kwamba taarifa zako zimetumiwa vibaya, peleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kuingilia mfumo wa kompyuta au kunasa taarifa za mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Toa taarifa kituo cha polisi, na uhifadhi picha ya skrini kabla hujafuta chochote. Ukipokea ujumbe wa simu wa kitapeli unaokutaka upakue kitu au ufungue kiungo, utume kwenda namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania na ufuate maelekezo.

Ndugu zetu, hatukuja kuwatia hofu ya mtandao. Mkulima anaulizia bei mtandaoni, mwanafunzi anaomba chuo, mzazi anafuatilia malipo, na shughuli hizo ziendelee. Tunachoomba ni kwamba pale kivinjari kinaposema, "Hiki nimekizima," tukipe dakika mbili za kukisikiliza: tusome sababu, tuangalie saa, tuangalie toleo, tuangalie duka, na mwisho kabisa ndipo tuamue kufuta au kubaki nacho.